Sikio Linalovuja na Punje ya Choroko

Mlioshindwa kuja Jumamosi kwasababu ya ile mvua, haya ndo niliyowaambia wauza maduka ya dawa pale ukumbini Temeke kuhusu saratani ya tundu la sikio. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sijayanyoosha. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, zile nyingine si za kuangalia ukiwa na sahani mbele yako.

Jamani, habari za asubuhi?

Hapana, hiyo ni salamu ya watu ambao hawajanywa chai. Habari za asubuhi! Haya, sasa nawasikia.

Niwashukuru mliokuja na maji yale, kuna dada nimemwona kavishika viatu mkononi mpaka mlangoni, dada nakuona, asante sana. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, ila kabla ya hapo mimi ni mtoto wa duka la dawa, mama yangu alikuwa na duka Tandika na kazi yangu ya kwanza kabisa kwenye mambo ya afya ilikuwa kuhesabu vidonge na kuvitia kwenye vibahasha. Kwaiyo nikiwasema leo msione nawasemea juu, nasema na watu wa nyumbani.

Mlipoingia kila mmoja kapewa choroko moja. Mzee mmoja kaniuliza pale mlangoni, "daktari, hii ndo chakula cha mchana?" Hapana mzee wangu, wali upo. Hiyo choroko ishike, usiitafune wala usiitupe, tutaihitaji mbele.

Sasa tufanye zoezi. Ingiza kidole kidogo sikioni, taratibu, usichokonoe. Fungua mdomo. Funga. Fungua tena. Unasikia kitu kinasogea pale mbele ya kidole? Hicho ni kiungo cha taya, yani kidole kiko sikioni lakini taya linakigusa. Usikitoe bado. Juu ya hapo ulipo kuna ubapa mwembamba wa mfupa, alafu ubongo. Nyuma yake, ndani ya mfupa, inapita neva ya uso, hii inayokufanya ucheke, ukonyeze, ufumbe macho ulale. Mbele na chini kuna tezi ya mate. Ukizama ndani zaidi kuna mishipa miwili mikubwa ya damu, mmoja unapeleka damu kichwani na mwingine unairudisha. Na hilo tundu lenyewe urefu wake ni kama sentimita 2.5 tu, theluthi ya nje ni gegedu na theluthi mbili za ndani ni mfupa mtupu, ngozi ya huko ndani ni kama ganda la ndani la kitunguu, imelala juu ya mfupa bila hata godoro.

Toeni vidole. Na asiguse choroko yake kwa kidole hicho, tafadhali.

Niambieni, mtaa gani wa Dar umebanana hivyo? Hata Kariakoo kwenye wiki ya Idi huwezi kuta nyumba sita zinagusana kuta kiasi hicho. Sasa saratani ikiota kwenye tundu la sikio haina ua wa kutambia kabla ya kufika kwa jirani, kila inaposogea imeshaingia ndani kwa mtu.

Tusitishane lakini. Saratani hii ni adimu. Makadirio yanayotajwa sana duniani ni kama mtu 1 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu hapa Dar watu 5,383,728, kwaiyo kwa hesabu hiyo jiji zima linapata kama watu 5 kwa mwaka. Watano! Na masikio yanayovuja je? Ninyi ndo mnajua, jana peke yake umehudumia wangapi? Kuna mtu anawaza hapo, sasa daktari kanitoa Mbagala na mvua hii kwa ajili ya watu watano? Ndiyo. Kwasababu hao watano, kabla hawajaniona mimi, wanapita kwako. Wanasimama mezani kwako wanakwambia "dokta, nipe ya masikio."

Ngoja niwape habari ya chupa.

Alinijia mzee mmoja, fundi baiskeli kutoka upande wa Mbagala. Sikio la kulia linamvuja tangu yuko mdogo, linavuja linaacha, linavuja linaacha, kazoea, analiita "bomba langu". Safari hii akaona haliachi. Na usiku linauma, maumivu ya kumtoa kitandani akakae barazani. Alafu pamba anayoziba ikawa inatoka na damu. Alikuja na kopo la siagi, lile kubwa, akalifungua akamimina mezani kwangu chupa tupu za matone. Hakuwa anazitupa, ni fundi yule, fundi hatupi chupa. Nikazipanga kwa mstari. Chupa 14. Zimetoka maduka manne tofauti, jenta na sipro za kuua bakteria, za kuua fangasi, moja ilikuwa hata ya macho. Kila duka lilimuuzia chupa yake moja kwa nia njema, likamwambia ukimaliza njoo, na yeye akimaliza alikuwa anaenda duka jingine kwasababu la kwanza "halikumsaidia".

Mnataka nianze kuwalaumu? Subirini. Nilipozigeuza zile chupa kusoma karatasi zake, mbili zilikuwa na mwandiko wangu.

Wangu mimi. Alinipitia miezi mitano nyuma kwenye kliniki niliyokuwa nafanya jioni, nikamwangalia haraka haraka, nikaona usaha, nikaona kinyama kidogo chekundu kimetuna, nikaandika matone, akarudi nikamwandikia tena. Kinyama nilikiona kwa macho yangu na sikukikata kukipeleka maabara. Nilifikiri ni kile kinachoota kwenye sikio la usaha wa siku nyingi, maana mara nyingi huwa ndicho. Sijawahi kuzitupa zile chupa mbili.

Kwaiyo jambo langu la kwanza ni hilo, huu ugonjwa hauna shati lake, unavaa shati la mtu mwingine. Usaha, kuwasha, kusikia kwa mbali, maumivu, vyote hivyo ni vya masikio ya kawaida. Tofauti yake iko wapi? Maumivu yanazidi kile unachokiona, sikio limechafuka kidogo lakini mtu halali. Damu inakuja bila mtu kuchokonoa. Kinyama kinaota. Ni sikio moja tu, jingine zima kabisa. Na hiki ndo nataka kiwakae, halisikii dawa. Matone ya wiki moja, hamna. Ukabadilisha, wiki nyingine, hamna. Hapo mara ya tatu usimuuzie. Narudia. Mara ya tatu usimuuzie! Unampoteza mteja wa shilingi elfu tatu, najua, mama yangu alikuwa anahesabu hizo hela usiku kwa kibatari.

Na uso ukianza kupinda, jicho la upande huo halifungi, mate yanavuja mdomoni upande mmoja, huyo usimwambie kapigwa na upepo wala jini. Mtu mwenye sikio linalovuja alafu uso ukapinda ni wa hospitali leo hii, si kesho.

Wanaopata ni akina nani? Mara nyingi watu wazima, miaka hamsini na kuendelea, ingawa vijana wapo. Sikio lililovimba na kuvuja miaka mingi linahusishwa na ugonjwa huu. Waliowahi kupigwa mionzi ya kichwa na shingo kwa saratani nyingine, kama ile ya nyuma ya pua, nao wamo. Na ndugu zetu wenye ualbino, kwao jua linaanza na sikio la nje, kidonda cha sikio la nje kikiachwa kinatambaa kuingia tunduni, kwaiyo kofia ya ukingo mpana, si hii kepu ya mpira inayoacha masikio nje. Kwa aina, nyingi ni saratani ya seli bapa za ngozi. Zipo na za tezi zinazotengeneza nta, hizo nitazigusa mbele.

Haya, kupima. Kinyama kinakatwa kipande kinaenda maabara, na kipande chenyewe kiwe cha maana, ukikwangua juu juu maabara inakuletea jibu "uvimbe wa kawaida" na mgonjwa anarudi nyumbani anacheka. Jibu likija safi na sikio bado bovu, unakata tena. Alafu CT scan ya kuangalia mfupa umeliwa wapi, na MRI ya kuangalia nyama laini na utando wa ubongo. Hapo tumemaliza, kupima hakuna hadithi.

Twende kwenye kisu, ndiko kwenye maswali mengi.

Kuna mama anakaanga samaki pale Feri. Nikisema anakaanga namaanisha karai kubwa, moto, moshi, kelele, na kila mtu anamwita shangazi. Huyu alibahatika kwa kitu kimoja, aliyekuwa anamuuzia dawa pale karibu alikataa. Alimuuzia mara mbili, mara ya tatu akamwambia "shangazi, hili sikio mimi silitaki tena, nenda." Shangazi alikasirika, alinihadithia mwenyewe, alimwambia yule kijana "una roho mbaya wewe". Alipofika kwangu kinyama kilikuwa kidogo, mfupa umeguswa kidogo haujatoboka. Nilipomwambia jibu la maabara akakaa kimya, alafu akauliza swali moja tu, "utanikata sikio?"

Nikamwambia shangazi, hili la kutundika herini linabaki. Ninalotoa ni tundu.

Sikilizeni kwa makini hapa maana watu wengi, na wauguzi wakiwemo, wanadhani tunaingiza chombo tunduni tunakwangua kinyama tunatoka. Bomba la maji lililozikwa ukutani likioza, kuna fundi wa kuchungulia ndani akakwangua kutu, na kuna fundi anayekata ukuta kuzunguka bomba, analitoa zima, na plasta yake na kipande cha tofali lake. Sisi ni huyu wa pili. Saratani ukiikwangua umeimwaga.

Shangazi alipewa nusu kaputi asubuhi. Kwanza tukakata ngozi kuzunguka mlango wa tundu, kisha ule mlango tukaushona, tukaufunga kama mdomo wa kiroba, ili kilichomo kisivuje hata tone. Sikio la nje tukaligeuzia mbele. Nyuma yake kuna mfupa, ukiugusa unauona umetuna, ndani yake si mfupa mzima, una vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Tunauchimba huo kwa drili huku tunaangalia kwa hadubini, maji yanatiririka muda wote mfupa usipate joto. Tunachotafuta ni neva ya uso. Ukishaiona, nyeupe, inalala chini ya ganda la mfupa, huo ndo mpaka wako, unapita ubavuni mwake kwa milimita na hakuna anayepiga stori chumbani humo.

Ndani kule kuna vifupa vitatu mlivyosoma shuleni, nyundo, fuawe na kikuku. Fuawe tunaiachanisha na kikuku. Kikuku kinabaki, kimekaa kwenye dirisha la sikio la ndani, ukikivuta dunia inamzunguka mgonjwa na uziwi unakuwa wa jumla. Nyundo, fuawe, ngoma ya sikio na tundu lote na mfupa wake vinatoka pamoja. Unachimba juu, unachimba chini, unakuja mpaka mbele kwenye lile taya mlilolisikia kwa kidole, kinabaki kimfupa chembamba, unakisukuma kwa kidole gumba. Ka! Kipande kimeachia. Kinakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Ukikishika pale unaona tundu lile lile ambalo shangazi alikuwa analitia ujiti wa kiberiti miaka yote, sasa liko mkononi limeshonwa mdomo.

Tumemaliza? Bado. Gegedu la tundu lina nyufa. Kaziandika Santorini, mwanaanatomia wa Venice wa karne ya 18, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Kupitia nyufa hizo saratani inateleza mpaka kwenye tezi ya mate bila kumwambia mtu. Ndo maana tunatoa na sehemu ya juu ya tezi ile, na mara nyingi mitoki ya juu ya shingo, tunaipeleka ikapimwe. Shimo lililobaki tunalijaza, kwa msuli wa hapo juu ya sikio au mafuta ya tumboni, kwenye mashimo makubwa tunaleta nyama ya paja na mishipa yake. Shangazi aliniambia baadae "kwahiyo sasa nina tumbo kichwani", akawachekesha wodi nzima.

Hiyo ndo oparesheni ya kawaida kwa ugonjwa wa mapema. Zamani wengine walikuwa wanatoa ngozi ya tundu peke yake kama unavyovua soksi, kwa vile uvimbe ni mdogo. Ulikuwa unarudi sana. Maoni yangu, na si yangu peke yangu, hata uvimbe mdogo utoe bomba zima, hapa huruma ya kisu inamponza mgonjwa.

Ugonjwa ukivuka ngoma ukaingia sikio la kati na kuendelea, kisu kinakua. Unatoa mpaka sikio la ndani, uziwi wa upande huo hauna marudio na kizunguzungu cha wiki kadhaa, na kama neva ya uso imeingiwa unaikata. Tunaweza kuiunga kwa neva ya kuazima kutoka shingoni au kwenye ndama ya mguu, uso unaanza kuamka baada ya miezi 6 mpaka mwaka, lakini kicheko cha zamani hakirudi chote. Na ipo oparesheni ya kutoa mfupa wote wa sikio pamoja na mshipa mkuu wa damu uliomo. Ipo, ila hatari yake ni kubwa na faida yake mabingwa wenyewe wanabishana. Siisifii hapa.

Sasa toeni choroko.

Iweke juu ya ukucha wa kidole kidogo. Iangalie. Upana wake ni kama nusu sentimita. Mwaka 1990 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walitoa utaratibu wa kupanga hatua za ugonjwa huu, ukarekebishwa 2000, na sehemu kubwa ya dunia inautumia huo. Hatua ya 1 saratani iko tunduni tu, mfupa haujaguswa. Hatua ya 2 mfupa umeliwa ila haujatoboka, au imeingia kwenye nyama laini kwa chini ya nusu sentimita. Hatua ya 3 mfupa umetoboka, au imeingia sikio la kati. Hatua ya 4 imefika sikio la ndani, mshipa mkubwa, utando wa ubongo, kiungo cha taya, au imeingia kwenye nyama laini kupita nusu sentimita, au uso umepinda. Mnaona? Choroko. Ikitoka nje ya tundu chini ya choroko uko hatua ya 2, ikipita choroko umeruka mpaka ya 4. Na mtoki mmoja tu wa shingo ukikutwa nayo, mgonjwa anapandishwa hatua ya 3 au ya 4 hata kama tunduni kulikuwa na kidogo.

Na kupona? Ripoti nyingi za upasuaji zinaonyesha hatua ya 1 na ya 2, kati ya watu 10 waliopasuliwa vizuri, 8 na zaidi wako hai baada ya miaka 5. Hatua ya 3 unaongelea nusu na kidogo zaidi. Hatua ya 4 ni chini ya nusu, na kuna ripoti zinashuka chini ya 2 kati ya 10. Nimetaja za nje, na wagonjwa ni wachache kila mahali kwaiyo namba zinayumba, lakini mteremko wake uko vilevile kila ukisoma.

Kitu kingine kinachoamua ni kingo. Kile kipande tulichotoa kinapakwa rangi maabara, kinakatwa vipande vyembamba, wanaangalia kama saratani imegusa ukingo. Kingo safi, mgonjwa ana nafasi nzuri. Kingo chafu, hata kama daktari ana mikono ya dhahabu, inarudi, na inarudi palepale. Ndo maana watu wa hatua ya 2 kwenda juu wengi tunawapeleka mionzi baada ya kisu, siku 5 kwa wiki, wiki kama 6, na ianze kidonda kikishapona, isipite wiki 6 tangu oparesheni. Hapa kwetu ni Ocean Road. Wa kanda ya ziwa kuna Bugando.

Mnataka kujua fundi baiskeli iliishaje. Nilijua mtauliza.

Siku anamimina zile chupa, uso ulikuwa umeanza kulala. Kidogo sana, mkewe ndo aliniambia, "siku hizi akinywa chai inamtoka." Picha zikaonyesha imepita choroko, iko kwenye taya. Hatua ya 4. Alipasuliwa, oparesheni ya siku nzima, neva ikakatwa ikaungwa, akaenda mionzi akamaliza yote, hakukosa hata siku moja, alikuwa anapanda daladala ya kwanza. Ikarudi baada ya miezi 9. Aliishi miezi 14. Miezi mitano kabla ya siku ile ya chupa alikuwa kakaa kwenye kiti changu na kinyama kidogo chekundu. Kilikuwa hatua gani siku ile? Sijui, kwasababu sikukata. Nimeshajiuliza sana usiku.

(Hapa ukumbini palikuwa kimya, nikanywa maji.)

La mwisho ni maisha baada ya kisu, maana hawa wanarudi mtaani kwenu, watakuja dukani. Tundu limefungwa, kwaiyo asitiwe matone tena upande ule, hata akikuomba, hamna pa kutia! Upande huo usikivu umeshuka sana, lakini sikio la ndani likiwa hai sauti inaweza kuletwa kwa mfupa, vipo vifaa vya kushikizwa kwenye fuvu, bei yake ndo kilio. Taya linakaza, hasa baada ya mionzi, afanye mazoezi ya kufungua mdomo kila siku, mimi huwa nawaambia wahesabu vidole vinavyoingia, vitatu vikiwa wima ni sawa. Aliyepooza uso, jicho ndo la kulinda kuliko kitu chochote, matone ya machozi mchana, mafuta ya macho na plasta usiku, jicho lisilofumba linakauka linapata kidonda mtu anakuwa kipofu juu ya uziwi.

Na kliniki. Ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwaiyo hapo tunawaita kila baada ya miezi michache, na ukiona mtu kaacha kwenda kwasababu ya nauli mkumbushe. Zile za tezi nilizosema nitazigusa, kuna moja inaitwa adenoidi sistiki, hiyo ina subira ya ajabu, inaweza kukaa miaka 10 alafu ikajitokeza kwenye mapafu. Wa hiyo hatumuagi kabisa, hata awe mzima kama ng'ombe wa mashindano.

Shangazi wa Feri ana mwaka wa 6 sasa. Yuko kwenye karai. Ukienda simama kushoto kwake, ukisimama kulia utapiga kelele mpaka samaki waungue na bei atakutajia ya juu kwa kukukomoa. Yule kijana aliyekataa kumuuzia, bado hajamsamehe kwa mdomo, ila kila Ijumaa anamtumia kibua wawili kwenye gazeti.

Haya, maswali, alafu tukale.

Dada wa viatu kauliza kama pamba za vijiti zinaleta saratani. Sina ushahidi wa hilo na sitakutisha na kitu ambacho hakipo. Zinasukuma nta ndani na zinachubua, hiyo inatosha kuziacha. Nta inatoka yenyewe.

Kuna kaka kauliza amwambieje mteja, amtajie saratani? Usitamke. Si kazi yako na mara nyingi haitakuwa hiyo, wengi utakaowapeleka wataambiwa ni sikio tu la kawaida, na vizuri. Chukua karatasi, hata ya daftari, andika: sikio la upande gani, linavuja tangu lini, lina damu au halina, maumivu ya usiku yapo au hayapo, dawa zipi umempa na tarehe. Mstari wa mwisho andika "dawa mara mbili, halijapona, naomba liangaliwe na kinyama kikiwepo kikatwe." Mpe aende kituo cha afya akachukue rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, Muhimbili au hospitali ya mkoa yenye huyo daktari. Karatasi hiyo ningeipata kwa yule mzee, nisingeandika chupa ya pili.

Mwingine kauliza, na akikataa kwenda? Fanya kama kijana wa Feri. Akuite roho mbaya.

Wali uko tayari. Anayetaka kuangaliwa sikio nina tochi yangu kwenye begi, apange foleni pale dirishani penye mwanga.

(Walipanga foleni 19. Nta, nta, nta tupu, na kwa yule mzee wa choroko nikatoa kichwa cha pamba ambacho mwenyewe hakumbuki kiliingia mwaka gani.)